Mweka na shule ya porini
Anayeshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka hutokea kwenye kahawa na migomba ya Wachaga, na hapo kijijini kuna chuo cha usimamizi wa wanyamapori kinachotajwa kwa heshima na wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika. Kilifunguliwa 1963, miaka miwili baada ya Nyerere kutoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori (lisichanganywe na Azimio la 1967). Haja ilikuwa wazi: bendera zilikuwa zimebadilika, lakini usimamizi wa mbuga bado ulikuwa zaidi mikononi mwa maofisa wa kigeni. Mkuu wa kwanza, Hugh Lamprey, alikuwa ametafiti wanyama wa Tarangire, na masomo yakaelekea huko huko porini: kusoma nyayo, kukisia umri wa mnyama kwa meno yake, kutembea kwa ramani na dira, kutunza bunduki. Kutoka cheti na stashahada, sasa Mweka inatoa shahada. Nafurahia, ila nina wasiwasi. Mhifadhi haivi darasani peke yake. Bajeti ikibanwa, naomba magari ya safari za mafunzo yawe ya mwisho kuguswa.