MAZUNGUMZO YA JAMAA: Mahali pa Mchezo Panapofungwa



Iko huzuni moja ya vijana ambayo wazee wengi huicheka. Kijana amekaa kimya tangu asubuhi, simu i mkononi, uso umekunjamana. Mama akimwuliza kisa, asema ya kuwa mahali alipozoea kukutana na wenzake wa mchezo pamefungwa, wala hapatafunguliwa tena. Baba asikiapo hayo hucheka: "Mchezo si mtu, hata uufanyie matanga." Neno hilo lina haki yake, kwa kuwa nyumbani mna mashaka makubwa kuliko hayo: karo ya shule, maji, dawa. Lakini kabla ya kumcheka kijana, na tulitazame jambo lenyewe. Huenda tukaona ya kuwa baba naye alipatwa nalo zamani, ila hakulipa jina.

Tuchukue mfano mmoja ulio wazi. Mwaka 2003, katika jimbo la Texas huko Marekani, marafiki wachache walianza kutunga masimulizi ya kuchekesha kwa kutumia picha za mchezo wa mashine uitwao Halo. Wakajipa jina la Rooster Teeth, wakafungua mahali pao katika intaneti. Watu walioupenda mchezo ule wakaanza kukusanyika hapo kutoka nchi nyingi. Walioingia kwa ajili ya kucheka wakabaki kwa ajili ya kuzungumza. Wakajuana kwa majina, wakapashana habari za kazi, za masomo na za misiba. Na tangu mwaka 2011 wengine walisafiri hata mji wa Austin ili waonane uso kwa uso.

Mwaka 2014 wenyewe waliiuza kampani yao. Ikapita mkono kwa mkono, hata ikawa mali ya kampani kubwa ya sinema, Warner Bros. Discovery. Tarehe 6 Machi 2024 wafanyakazi waliambiwa ya kuwa shughuli zitafungwa, na tarehe 15 Mei mahali pale pakafungwa. Miaka 21 ilikwisha kwa hesabu ya fedha tu. Waliojenga mazoea pale hawakuulizwa neno, kwa kuwa katika karatasi za mali jina lao halikuwamo.

Mtu atasema: "Hayo ni mambo ya Texas, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, michezo hiyo huchezwa kwa vitu vitokavyo chini ya miguu yetu. Mwaka 2023 nchi yetu ya Kongo ilitoa zaidi ya sehemu saba katika kumi za kobalti yote iliyochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake ilitoka Lualaba. Betri ya simu achezeayo kijana wa mbali yaweza kuwa na chembe za udongo wa Kolwezi. Njia ya pili ni nzito zaidi. Ni miji michache ijuayo kama Kolwezi maana ya kucheza katika uwanja wa mwenye mali, hata siku mwenye mali anapoondoa mkono wake.

Wazee na wakumbuke. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Katika miaka ya kwanza ilileta wanaume peke yao, kwa mapatano ya muda mfupi. Wengi walikufa kwa maradhi, na wengine walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili shauri: mfanyakazi aje na mke wake, apewe nyumba na posho, watoto wasomeshwe, naye akae kazini miaka mingi. Ndipo kambi zilipogeuka kuwa vijiji vya kweli. Palijengwa shule na hospitali. Akina mama walifundishwa kushona na kutunza watoto. Wanaume walipata nyumba ya maburudisho, ile iliyoitwa "cercle" kwa Kifaransa, wakutane humo baada ya kazi. Sinema ilionyeshwa, na mpira wa miguu ukajaza watu viwanjani siku ya Jumapili. Tangu mwaka 1957 wafanyakazi walikuwa na gazeti lao, Mwana Shaba.

Tusidhani ya kuwa kampani ilifanya hayo kwa huruma tupu. Mtu mwenye mke, watoto na furaha ya jioni hakimbii kazi, wala hana haraka ya kugoma. Hata hivyo furaha yenyewe ilikuwa ya kweli, kwa sababu watu waliitia moyo wao. Kampani ilitoa ukuta na taa. Kucheka, kuimba, kushindana na kupatana vilitoka kwa watu wenyewe. Serikali ilipoyatwaa machimbo mwanzoni mwa mwaka 1967, shirika jipya, lililokuja kuitwa Gécamines, liliendelea na desturi hiyo hiyo, nasi tukaizoea kama mtoto azoeavyo mkono wa baba.

Kisha mkono ukalegea. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini wa Kamoto, hapa Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1994 shirika zima lilitoa kama tani 30,000 tu. Mishahara ilichelewa, kisha ikakosekana miezi kwa miezi. Tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari, ingawa wengi wao hawakuona hiari iko wapi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alitoa kitabu mwaka 2001 juu ya jamaa hizo, akawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo lauma, nalo lafaa.

Katika anguko kubwa namna hiyo, ni nani aliyekuwa na nafasi ya kulilia mchezo? Watu walitafuta unga. Maburudisho hayakufungwa kwa tangazo wala kwa tarehe. Taa iliyokufa haikubadilishwa. Wavu uliochanika haukushonwa. Mipira haikununuliwa tena. Waliokuwa wakikutana kila Jumamosi wakaanza kukutana mara moja kwa mwezi, halafu misibani tu.

Wala tusiifiche sehemu iliyo chungu kuliko zote. Mwaka 1993 maelfu ya jamaa zenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi, baadhi yao wakiwa wamezaliwa papa hapa. Watu walilala kituoni wakingoja gari la moshi, na wengine walifia hapo na njiani. Walioondoka walikuwa majirani, walimu, na watu waliocheza na kushangilia pamoja nasi. Hapo haikuwa kampani iliyofunga mlango. Ni watu waliofungiana wao kwa wao. Uwanja waweza kukosa mpira, nao ukabaki uwanja. Ukikosa ujirani, ni shamba la majani tu.

Basi, baba, huzuni ya mwanao si ngeni kwako. Kinachomwuma si ule mchezo. Michezo mingine iko tele. Kinachomwuma ni kupotelewa na watu waliomjua. Palikuwa na mtu aliyemngoja saa fulani, aliyejua ushindi wake na mzaha wake. Leo hajui amtafute wapi. Wewe uliporudi kutoka zamu ukakuta nyumba ya maburudisho ina giza, ulikosa kitu kilo hicho.

Haya hatuyasemi ili kuisifu kila michezo ya mashine. Iko inayomla kijana usingizi na masomo, na iko inayomvuta atoe fedha kidogo kidogo hata akaunti ya simu ikauke. Mzazi ana haki ya kuweka mpaka. Lakini mpaka huwekwa vizuri na mtu ajuaye ndani ya ua mna nini. Uliza kwanza: "Wenzako ni akina nani? Mlizungumza nini?" Kijana aliyeulizwa hivyo husikia maonyo, aliyechekwa huziba masikio.

Sasa na tutafute faida katika hasara hizi. Kwanza yafaa kuuliza ni nani mwenye mahali. Tazameni kisolo, ndugu yake bao la watu wa Pwani. Wazee waliucheza kwa vishimo na mbegu, katika ubao au katika udongo mtupu. Hapana kampani iliyoumiliki, wala hapana awezaye kuufunga, kwa kuwa penye wawili na kete pana kisolo. Tazameni na TP Mazembe ya Lubumbashi. Ilianzishwa mwaka 1939 na mapadre Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges. Baadaye ikachukua jina la Englebert, kampani ya matairi, nayo kwa jina hilo ikawa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Englebert imepita. Klabu ilibaki, ikatwaa ubingwa tena mwaka 2009, 2010 na 2015. Ni kweli ya kuwa fedha za rais wake Moïse Katumbi zimeitegemeza sana. Lakini fedha huja na kuondoka. Walioihifadhi katika miaka mibaya ni watu waliosema "timu yetu" hata iliposhindwa.

Hata katika michezo ya mashine wako waliofanya hivyo. Mchezo uitwao City of Heroes ulifungwa na mwenyewe, kampani ya NCsoft ya Korea ya Kusini, tarehe 30 Novemba 2012. Wachezaji wengine waliuhifadhi na kuuendesha kwa siri miaka kadhaa, hata habari ikavuma mwaka 2019. Mwezi wa Januari 2024 kampani yenyewe ikawapa kikundi kimoja cha wachezaji kibali cha kuuendesha hadharani. Tusiwafundishe watoto wetu kuchukua mali ya mtu kwa siri; lakini tukubali ya kuwa uvumilivu wao ulimfanya mwenye mali azungumze nao.

Pili, yatupasa kuandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mahali pa intaneti pakifungwa, maneno ya miaka ishirini yaweza kufutika kwa siku moja. Je, sisi tuna nini? Picha za timu za kambi zinaliwa na mchwa masandukuni, na majina ya waliosimama mstari wa nyuma yanajulikana na mzee mmoja tu. Mzee huyo akifa, mstari wote umekufa. Enyi vijana mjuao kutumia simu, kazi hii ni yenu. Piga picha ile picha ya zamani. Mwulize babu majina kutoka kushoto hata kulia, uyaandike. Usiruke jina la Kikasai. Huyo naye alicheza hapa. Na yale ya mchezo wenu wenyewe msiyaache mahali pamoja tu. Andikianeni namba na majina ya kweli na rafiki mnaowajua na kuwaamini, ili mlango ukifungwa mweze kuonana kwa mlango mwingine.

Tatu, mji usiojenga mahali pa kuchezea hauna haki ya kulaumu simu. Katika Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti katika nyua na hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu moja ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Mtoto wa hapo acheze wapi? Kolwezi imekuwa makao makuu ya jimbo tangu mwaka 2015, na kampani nyingi za kigeni zachimba pande zote. Zinapozungumza na mitaa juu ya misaada, viongozi huomba barabara, visima na shule, nao wafanya vyema. Na waombe pia kiwanja. Lakini waombe kwa akili ya watu waliokwisha kuumia: hati ya kiwanja iwe ya mtaa, ufunguo ukae kwa mtaa, na iwepo halmashauri ya wazazi wa kabila zote itakayokitunza. Kampani ikiondoka, ibaki nyasi iliyofyekwa na mlango ulio wazi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila mkutano wa furaha mjini kwetu uliundwa na mtu aliyefika mapema akafagia, akafunga wavu, akamwita jirani. Mtu huyo hahitaji kampani ili aanze. Jumapili hii, baba mmoja katika kila njia na atoe ubao wa kisolo barazani, amwite kijana mwenye huzuni akae mbele yake. Kijana na amfundishe baba yale aliyoyapoteza, na baba amsimulie kijana ya kwake. Halafu wahesabu kete.