Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Wapenzi wasomaji, juma lililopita alinipigia simu binti wa marehemu kaka yangu. Yeye na mamake wanakaa Soy, kwenye njia ya Kitale ukitoka Eldoret, ambako babake alihamia zamani kwa biashara ya mahindi. Binti ameingia chuo, na walimu wamemtaka atumie Linux. Kompyuta aliyo nayo ni ile aliyoacha babake, yenye Windows 10. Ndani yake mna hesabu za biashara, picha za hati za shamba, na sauti ya marehemu akiwasomesha wanawe juzuu ya Amma. Kijana mmoja amemshauri afute kila kitu aanze upya.

"Shangazi," akaniuliza, "ni lazima mwenyeji atoke ndipo mgeni aingie?"

Si lazima. Mfumo wa uendeshaji ni msimamizi wa kompyuta, na kompyuta moja yaweza kuwa na wasimamizi wawili, kila mmoja na sehemu yake ya diski. Mashine ikiwashwa, hutokea orodha, nawe huchagua nani ashike kazi. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, hupatikana bila malipo katika matoleo mengi. Linalojulikana sana ni Ubuntu. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwani Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu haziwezi kupokea toleo linalofuata.

Lakini chumba kikigawanywa, vyombo huweza kuvunjika. Kwa hiyo nilimpa masharti manne.

Kwanza, vilivyomo vinakiliwe katika diski ya nje, kisha vifunguliwe katika kompyuta nyingine ihakikishwe kwamba vinasomeka. Asifanye lolote kabla ya hilo.

Pili, iwapo diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa dharura uandikwe karatasini. Kisha, akiwa ndani ya Windows yenyewe, aizime ile njia ya kuwaka haraka, aipunguze sehemu ya Windows, na kumwachia mgeni nafasi isiyopungua GB 25.

Tatu, Ubuntu itiwe katika flashi ya GB 8 au zaidi, na kompyuta iwashwe kwa flashi hiyo. Mfumo utamruhusu kuujaribu bila kuuingiza. Atazame kama intaneti, sauti na kibodi vinafanya kazi.

Nne, betri ijae na waya uwe ukutani, maana umeme ukikatika diski inapogawanywa, hasara ni kubwa. Atakapoulizwa, achague kuuweka mfumo mpya kando ya Windows. Kuna chaguo jingine la kufuta diski nzima; lisomwe taratibu, lisiguswe. Wengi wamelia kwa kubonyeza hapo.

Liko na dogo linaloshtua baadaye. Mifumo hii miwili haiisomi saa ya mashine kwa namna moja, hivyo Windows huweza kurudi nyuma saa tatu hapa kwetu. Mwenye programu ya adhana ataadhiniwa Alasiri wakati wa Isha unakaribia. Dawa yake ni kuuagiza mfumo mpya uihesabu saa ya mashine kuwa ni saa ya Kenya.

Binti alianza kwa sharti la kwanza. Aliponakili faili, alinitumia na mimi ile sauti ya babake. Siku ya pili Ubuntu ikaingia, na Windows ikabaki na vitu vyake vyote.

Akina mama wenzangu, kabla hamjamkabidhi fundi kompyuta ya nyumbani, muulizeni nakala ziko wapi. Kisha zifungueni wenyewe mzione.

Wabillahi tawfiq.