Simu kuflashiwa: kwa nini IMEI ni namba ya kulinda

Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, sokoni hakukosekane vijana wenye meza, komputa ya zamani na waya. Simu ikikwama, ao mwenyewe akisahau namba ya siri, mufundi anaiflasha: anafuta programu za ndani na kuweka zingine. Kwa familia nyingi simu njo banki, kwa hiyo kuitengeneza si anasa.

Lakini ndani ya simu kuko pia IMEI, namba ya tarakimu 15 yenye kuitambulisha. Piga *#06#, utaiona. Haikai pamoja na programu za kawaida. Iko na mahali pake. Kwa simu nyingi za bei ndogo zenye chipu za MediaTek, mufundi akichagua kufuta yote, IMEI nayo inaenda. Simu inawaka, lakini inaandika kwamba IMEI si halali, na rezo inaweza kukosekana.

Hapo kuko njia mbili. Mufundi mwaminifu anarudisha namba ileile iliyoandikwa kwenye karto ao chini ya batri. Mwengine anaandika namba yoyote, hata ya simu ya mutu mwengine. Ufundi ni mmoja, nia njo inatofautiana. Na wezi wanautafuta ufundi huohuo, ili simu ya kuibwa isitambulikane.

Mwaka 2020, ARPTC ilianzisha RAM, daftari ya simu yenye kufuata IMEI. Lengo lililotajwa lilikuwa kupiganisha wizi na simu bandia. Lakini wakaaji walikatwa mayunité, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G, na hasira ikapanda. Mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Takse ilienda, wizi ukabaki.

Uingereza ilipita njia ingine: tangu 2002, kubadilisha IMEI bila ruhusa ya mutengenezaji ni kosa, na kifungo kinaweza kufika miaka 5. Sheria ya namna ile Congo, kama haitofautishe, ingeweza kumufunga hata kijana anayerudisha namba ya kweli.

Kwa sasa ulinzi uko mikononi mwa mwenye simu. Andika IMEI kabla ya kumuachia mufundi, chunga karto, kisha piga *#06# na kulinganisha. Ukinunua simu ya mitumba na namba hazifanane, iache: mwenye kukutwa nayo njo ataulizwa.