Kabati la watoto: lipendeze, lakini lisianguke

Mzazi anayekwenda kwa fundi seremala siku hizi huwa na picha tatu kwenye simu. Ya kwanza ni mlango wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wenye nakshi na njumu za shaba. Ya pili ni kabati la kisasa lisilo na pambo lolote, droo tano zimepandana. Ya tatu kaichagua mama watoto: milango ya matundu inayopitisha hewa. Fundi anaulizwa, je, yote haya yanaweza kukaa kwenye kabati moja?

Yanaweza, wala si jambo geni pwani. Milango ya Zanzibar yenyewe ni mchanganyiko wa mikono ya Waswahili, Waarabu na Wahindi. Kinachosahaulika ni kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu haoni kabati, anaona ngazi. Atavuta droo ya chini aikanyage, kisha avute ya pili. Droo zikitoka pamoja, uzito unahamia mbele na kabati linamwangukia.

Hilo likitangulia kufikiriwa, kila mtindo unapata mahali pake.

Droo. Mbili pana zinatosha, ziwe chini kabisa na zibebe vitu vizito. Fundi aweke kizuizi ili droo isichomoke yote.

Matundu. Yakae kwenye milango. Hewa ikipita, nguo hazishiki ukungu haraka wakati wa masika. Yawe madogo, yasiingize kidole cha mtoto wala kumpa pa kukanyaga.

Nakshi na njumu. Zipande juu, kwenye ubao wa taji. Njumu iliyolegea karibu na sakafu huishia mdomoni mwa mtoto.

Mbao. Mninga na mtiki hupendeza, ila ziwe zimekauka vizuri. Ubao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Ndiyo maana fundi mzuri huuacha ubao wa katikati ya mlango ukae kwenye mfereji wa fremu bila gundi, upate nafasi ya kutanuka. Ukibanwa, hupasuka au mlango hukataa kufunga.

Kabla ya kumalizia malipo, mzazi afungue droo zote kwa pamoja, kisha abonyeze ya juu kwa mkono. Kabati likiinama mbele, lirudishwe kwa fundi lipanuliwe kitako.

Hata lisipoinama, likifika nyumbani lifungwe ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Skrubu zishike ubao mnene wa nyuma, si plaiwudi nyembamba, na upande wa ukuta ziingie kwenye plagi imara. Anayeishi nyumba ya kupanga azungumze na mwenye nyumba. Matundu mawili ya skrubu huzibwa kwa saruji kidogo siku ya kuhama.

Mtoto naye apewe kazi: asugue msasa mlango mmoja na achague rangi ya vishikio. Atalijua kabati kuwa ni lake.

La mwisho halina gharama. Juu ya kabati pasiwekwe biskuti, rimoti wala mwanasesere. Mtoto hupanda kufuata kitu alichokiona.