Barabara ya Malindi na Hesabu Isiyotimia

Pwani yetu, tangu Mtwapa hata Malindi, imekatwakatwa na mahori ya bahari, na kwa sababu hiyo njia kuu ya kwenda kusini na kaskazini imekuwa moja tu. Hadi mwaka 1991, lilipofunguliwa daraja la Kilifi, magari yalikuwa yakingoja zamu ya kivuko pale Mnarani, na hapana aliyehitaji mtaalamu wa kumfahamisha kuwa chombo kina kiasi chake cha kubeba. Leo foleni imehamia nchi kavu. Abiria atokaye Mombasa jioni hukwama Mtwapa, makanga akiwa ameshuka kutafuta watu na tuktuk zikipenya pembeni, naye hufika kwake usiku, amechoka kwa safari ambayo kwa masafa ni fupi.

Juu ya njia hiyo moja ndipo tunapoongeza nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Kaunti ya Kilifi kuwa na watu 1,453,787, na hapana shaka wanahitaji makazi mema. Kwa hiyo mimi si katika wale wanaoona kila jengo jipya kuwa balaa. Pale Vipingo, ekari zaidi ya 10,000 zilizokuwa mashamba ya katani zimekusudiwa kuwa mji kamili, na Kikambala, Kanamai, Bofa na Watamu viwanja vinagawanywa na kuuzwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, pamoja na ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, zimetuwekea utaratibu wa kuutazama mradi kabla ya kuuruhusu, na ndani ya utaratibu huo mna tathmini ya usafiri: magari huhesabiwa penye njia panda asubuhi na jioni, safari zitakazozaliwa na nyumba mpya hukadiriwa, kisha hizi huongezwa juu ya magari yaliyohesabiwa ili ijulikane kama njia itahimili.

Utaratibu huo ni mwema, walakini rai yangu ni kwamba haututoshi madhali kila mradi unapimwa peke yake, kana kwamba jirani yake hajengi. Tuchukue mfano: mradi mmoja ukiongeza magari 60 katika saa ya msongamano, mtaalamu ataandika kwa ukweli wake kwamba athari ni ndogo, na idhini itatolewa, lakini miradi kumi ya namna hiyo ni magari 600, yote yakielekea daraja lile lile la Mtwapa, na katika ripoti zote kumi hamtakuwa hata moja iliyosema uongo. Insafu inataka serikali ya kaunti, pamoja na mamlaka ya barabara kuu, ziwe na daftari moja la barabara nzima, ambamo kila idhini iliyokwisha kutolewa imeandikwa pamoja na safari zake, hata kama nyumba zenyewe hazijainuka, na kila mwekezaji mpya aanze kuhesabu kutoka hapo.

Tena, ni safari zipi zihesabiwazo? Viko vitabu vya Wamarekani na Waingereza vinavyokadiria safari za kila aina ya nyumba, na ni vyepesi kuazimwa. Lakini vimekusanywa, kwa sehemu kubwa, katika miji ambayo mtu hutoka mlangoni akaingia katika gari lake. Nyumba ya Kikambala ina habari nyingine. Kabla haijakaliwa imekwisha kuleta malori ya mawe, mchanga na saruji. Ikikaliwa, huja boza la maji siku mabomba yakikauka, na gari la kunyonya maji machafu shimo likijaa. Mwenye nyumba huenda ana gari, ilhali mtumishi, mlinzi na mkata nyasi hutoka ng'ambo ya pili ya barabara, kwa miguu, kwa bodaboda au kwa matatu inayosimama popote kwa kuwa kituo hakikujengwa. Watoto nao huvuka kwenda shule. Hesabu iwaachayo watu hawa imeacha walio wengi, na ndio hao wagongwao. Na siku ya kuhesabu pia ina neno lake: Jumanne ya mwezi wa Mei, mvua ikinyesha na hoteli zikiwa tupu, haiwezi kuwa shahidi wa Desemba.

Nitaambiwa kuwa barabara inapanuliwa kutoka Mombasa hata Kilifi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Naam, na ni heri. Lakini deni hilo ni la umma, na ardhi iliyo kando ya njia hupanda thamani kwa ajili yake. Kwa nini basi anayeuza viwanja asichangie njia ya pembeni, kituo cha matatu na kivuko cha waendao kwa miguu? Huko Uingereza, kwa sheria ya mipango ya mwaka 1990, mjenzi huweza kufungwa kwa mkataba agharimie mambo kama hayo kabla ya nyumba kukaliwa. Tena njia pana huvukwa kwa hatari zaidi kuliko nyembamba, na mzee wa Vipingo atakayelazimika kuvuka njia nne hakuulizwa.

Aulizwe, kwani haki hiyo anayo. Kanuni za mwaka 2003 zinataka mikutano isiyopungua mitatu na watakaoguswa na mradi, na aghalabu katika mabaraza hayo maneno huwa ni ya ajira na ya mipaka ya ardhi, nayo ni ya haki. Liongezwe na la njia: ni miradi mingapi imekwisha kuhesabiwa pamoja na huu, ni siku gani watu walihesabiwa, na ni nani atakayejenga kituo. Na muhtasari wa ripoti uandikwe kwa Kiswahili, uwekwe ofisini kwa chifu wiki mbili kabla ya baraza, ili anayeuliza awe amekwisha kusoma.