Kompyuta Inapomnyima Mrithi Ruhusa



Juma lililopita tulijiwa na kijana aliyefiwa na baba yake, mkononi ana diski iliyotolewa katika kompyuta ya nyumbani. Ndani yake mlikuwa na hesabu za duka: anayedai na anayedaiwa. Warithi walikuwa wakingoja, na mirathi haigawanywi kabla ya madeni ya marehemu kulipwa. Diski ilipounganishwa na kompyuta nyingine, folda ilionekana, lakini kila ilipobonyezwa lilitokea tangazo kwamba hana ruhusa. Fundi mmoja alikwisha kumshauri aifute yote aanze upya. Alhamdulillahi, hakumsikiliza.

Hapa pana maradhi mawili, na dawa ya moja huweza kuwa sumu ya jingine.

La kwanza ni diski yenyewe kuugua. Dalili zake ni sauti ya kugongagonga, kusoma polepole mno, au kutoweka na kurudi. Diski ya namna hii isiendeshewe programu ya kurekebisha makosa, kwani huichosha na huenda ikabadili yaliyomo. Kwanza itolewe nakala, iwekwe katika diski nyingine. Matengenezo yafuate baadaye. Ikiwa inagonga, izimwe papo hapo, apelekewe fundi mwenye ujuzi wa kuokoa data.

La pili ni la ruhusa. Windows haimtambui mtu kwa jina, bali kwa namba maalumu ambayo akaunti hupewa inapoundwa. Kwa hiyo, hata ukiunda akaunti yenye jina lile lile la marehemu katika kompyuta nyingine, namba yake ni tofauti na mlango haufunguki.

Dawa yake ni hii. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua «Properties», kisha «Security», kisha «Advanced». Penye jina la mmiliki bonyeza «Change», uandike jina la akaunti yako, na utie alama katika kisanduku kinachohusu folda za ndani. Kubali, funga, kisha rudi ujipe ruhusa ya kusoma. Hiyo yatosha kunakili. Fanya hivyo kwa folda za nyaraka tu. Ukigusa umiliki wa folda za Windows yenyewe, waweza kuiharibu kompyuta iliyo nzima.

Tunatahadharisha: diski iliyofungwa kwa BitLocker haifunguki kwa njia hii. Yahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenyewe, au katika karatasi aliyoiweka.

Tuliisikiliza diski ya kijana yule. Ilikuwa kimya, yasoma vizuri. Tukanakili, tukafungua. Miongoni mwa wanaodai lilikuwamo jina la mama mjane wa mtaa wao, ambaye hata siku moja hakufika kudai. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akaomba karatasi aandike.

Basi nasi tunawausia wenye nyumba: andikeni madeni pia katika daftari, na nenosiri lenu pamoja na ufunguo mmkabidhi mtu mwaminifu, angali mmoja wenu yu hai wa kuuliza.

Wabillahi tawfiq.