Usukani Uliolegea

Land Rover kuukuu, kama zile za Series III zilizotengenezwa toka 1971 hadi 1985, ikipita katika barabara za mawe za Kemambo, usukani wake hulegea polepole, hata dereva akazoea kuuzungusha upana wa kiganja kabla magurudumu hayajageuka. Mazoea hayo ndiyo tuyaogopayo, kwani nyuma wamekaa watoto.

Wako mafundi wanaokimbilia kukaza skrubu ya boksi la usukani. Sisi twasema ngojeni. Boksi likikazwa mno usukani huwa mzito, wala haurudi wenyewe baada ya kona.

Zimeni injini, magurudumu yakiwa chini. Mmoja autikise usukani kushoto na kulia, mwingine atazame rodi, kuanzia boksi hadi magurudumuni. Rodi moja ikisogea na ya pili ikatulia, ubovu u katikati yao. Bolijointi ni sita. Iliyolika hubadilishwa, haichomelewi. Pimeni urefu wa rodi kabla ya kuifungua. Mkono wa boksi wenyewe ukichelewa, hapo ndipo skrubu iguswe.

Mchezo ukizidi kuwako, inueni gurudumu na kuweka gogo imara chini ya ekseli, maana jeki peke yake haiaminiki. Kisha litikiseni juu na chini. Breki ikikanyagwa na mchezo ukakoma, beringi zimelegea. Usipokoma, ni kingipini.